Jinsi ya kutambua jiwe mchanga lililopakwa rangi

Jirani yangu wa Mbezi alinunua kibao cha jiwe kando ya barabara, upana wake kama sinia. Usoni kilikuwa na vilima vya kahawia, juu yake wingu jekundu, na katikati mstari wa njano kama jua linalozama. Muuzaji alimhakikishia kwamba ile ni kazi ya Mungu, haijaguswa na mkono wa mtu. Akakiegemeza barazani. Mvua za vuli zilipoanza, wingu jekundu lilitiririka hadi kwenye marumaru za baraza na kuacha doa, ila vilima havikubadilika hata kidogo. Aliniita akiwa na uchungu wa mtu aliyelipa fedha zake kwa nia njema. "Kaka," akasema, "kumbe hata jiwe lenyewe si jiwe."

Nilikigeuza, nikakiangalia mgongoni na ukingoni, kisha nikamwambia: "Dada, jiwe ni jiwe mchanga kweli, na vilima ni vya jiwe lenyewe. Kilichopakwa ni wingu na jua."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaeleza watu wengi jambo moja: kuna maswali mawili hapa, na watu huyachanganya. La kwanza, jiwe hili ni nini? La pili, rangi hii imetoka wapi? Jiwe la kweli linaweza kubeba rangi ya uongo. Donge la saruji linaweza kupakwa kwa ustadi mkubwa na msanii ambaye hakumdanganya mtu. Yako pia mawe ambayo rangi yake, hata iwe kali namna gani, ni yake tangu ardhini. Jibu swali la jiwe kwanza, ndipo uende kwenye rangi. Ukianza na rangi, jicho linatekwa na picha na jiwe halionekani tena.

Jiwe mchanga ni nini

Ni mchanga ulioganda ukawa mwamba. Mto, upepo au mawimbi hulundika mchanga tabaka juu ya tabaka, na maji yanayopita katikati ya chembe huacha kidogo kidogo kitu cha kuzigundisha. Chembe zake zina ukubwa wa kati ya milimita 0.06 na milimita 2. Zikiwa ndogo zaidi ya hapo, hilo ni tope lililoganda. Zikiwa kubwa zaidi, ni changarawe iliyoganda. Chembe nyingi huwa za kwatsi, madini magumu yanayong'aa kama sukari.

Gundi ndiyo inayotofautiana, na ndiyo utakayoihoji zaidi katika majaribio yanayofuata. Inaweza kuwa silika, kitu kilekile kinachounda kwatsi, na hapo jiwe huwa gumu sana. Inaweza kuwa kalsaiti, ambayo ndiyo madini makuu ya mawe ya chokaa. Inaweza kuwa kutu ya chuma, inayolipa jiwe wekundu, unjano au ukahawia. Au inaweza kuwa udongo mweupe laini, na jiwe la namna hiyo humeguka hata kwa kidole.

Hapa Dar es Salaam mawe mengi tunayoyaona ufukweni si jiwe mchanga. Miamba ya Msasani, Oysterbay na Kunduchi ni ya matumbawe ya kale, yaani jiwe la chokaa, na kilima cha Wazo ndiko chokaa ya kutengenezea saruji inakochimbwa. Ukitaka kuona jiwe mchanga karibu na jiji, nenda vilima vya Pugu upande wa Kisarawe. Nitarudi Pugu baadaye, kwa sababu jiwe la huko limewachanganya watu wengi wazuri.

Vifaa

Kioo cha kukuzia, chenye kukuza mara 10 ukikipata. Tochi ya simu. Chupa tupu ya soda. Msumari. Siki ya kawaida ya dukani, yenye asidi kama asilimia 5. Vijiti vya pamba vya kusafishia masikio. Spiriti ya duka la dawa na kichupa cha dawa ya kutolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni. Mizani ya jikoni ya kidijitali na ndoo ndogo ya maji. Vyote hivi utavipata mtaani kwako au Kariakoo bila kuzunguka sana.

Msasa na brashi ya waya viache nje kabisa. Ukikwangua jiwe unapoteza ushahidi, na pia unaumia: vumbi la kwatsi likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu bila tiba, na rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani yake. Kama ni lazima upate unga wa jiwe, lowesha mahali hapo kwanza.

Kabla hujaligusa

Jiulize jiwe limetoka wapi. Kama liko kwenye pango au chini ya jabali, mahali lilipokaa miaka yote, usifanye jaribio lolote kati ya haya. Piga picha bila kulilowesha na usome sehemu ya mwisho ya mwongozo huu. Majaribio haya ni ya mapambo, mawe ya kubandika ukutani, zawadi na vipande ulivyonunua.

Hatua ya 1: Tafuta mahali ambapo jiwe liko uchi

Geuza. Mgongo wa pambo mara nyingi haupakwi, na kama umepakwa, ukingo au sehemu iliyochubuka huwa imeachwa. Sogeza tochi iwake kutoka ubavuni, isimulike usoni moja kwa moja, ili vivuli vionyeshe mikwaruzo na chembe. Sasa angalia kwa kioo cha kukuzia.

Unatafuta chembe zilizobanana, nyingi zikikaribiana ukubwa, zikiwa na nafasi ndogo ndogo katikati. Pitisha kidole: jiwe mchanga hukwaruza kama msasa. Tazama kama kuna tabaka, yaani mistari sambamba ya chembe nyembamba na nene ikipokezana. Wakati mwingine mistari hiyo imelala kwa mshazari kati ya tabaka mbili zilizonyooka. Hiyo ni alama ya mkondo wa maji au upepo uliosukuma mchanga, na hakuna fundi wa kawaida anayehangaika kuiigiza.

Ukiona nyota ndogo ndogo, mirija au vipande vya makombe, hayo ni matumbawe. Ukiona chembe zimeshonana kiasi kwamba ufa umezipasua katikati badala ya kuzizunguka, hilo lilikuwa jiwe mchanga zamani, likapikwa na kukandamizwa ardhini likawa kwatsaiti. Ukiona vipande vya ulanga, yaani maika, vinavyometameta vimelala upande mmoja, na jiwe linafunguka kama kurasa, hilo ni la jamii nyingine ya miamba, na vibao vingi vya kubandika ukutani viko hivyo. Si vibaya, ila si jiwe mchanga, hata muuzaji akilitaja kwa jina la mkoa lilikotoka.

Hatua ya 2: Hoji chembe kwa chupa

Hapa watu wengi hukosea. Wanachukua msumari, wanakwaruza jiwe, linatoa unga, wanasema ni laini kwa hiyo si kwatsi. Msumari haukuzikwaruza chembe, umeing'oa gundi. Chukua chembe chache zilizodondoka, ziweke juu ya chupa ya soda na uzisugue kwa ncha ya kijiti ukikandamiza. Kwatsi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs (1 ni laini kabisa, 10 ni gumu kabisa), na kioo cha chupa ni kama 5.5, kwa hiyo kioo kitachanika mistari myembamba. Kalsaiti, yenye ugumu wa 3, itasagika na chupa itabaki safi.

Hatua ya 3: Siki

Tone moja mgongoni, mbali na rangi. Ukiwa umelikwangua kidogo na kupata unga, jibu huja haraka zaidi. Weka kioo cha kukuzia na usubiri dakika nzima, kwa maana siki ni asidi dhaifu na haina papara. Juisi ya limau hufanya kazi ileile.

Tone likichemka lote kwa viputo na jiwe lina nyota au makombe, ni chokaa. Likitoa viputo katikati ya chembe tu, huku chembe zenyewe zikibaki zinang'aa na kuanza kulegea, ni jiwe mchanga lenye gundi ya kalsaiti. Tone likikaa kimya, gundi ni silika, kutu au udongo. Saruji nayo hutoa viputo, na hiyo ndiyo sababu siki peke yake haitoshi kutenganisha jiwe na donge la kufinyangwa.

Wapo watakaokushauri utumie maji ya betri. Usikubali. Yanaunguza ngozi na macho, na hata jibu lake si la kuaminika: asidi ile ikikutana na chokaa hutengeneza ukoko wa jasi unaoziba uso, viputo vinakoma, nawe unadhani jiwe halina chokaa.

Hatua ya 4: Jiwe au saruji iliyofinyangwa?

Mchanganyiko wa saruji na mchanga, uliomwagwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ya kahawia, hufanana sana na jiwe mchanga ukiwa mbali. Ukaribie. Saruji huacha vishimo vya mviringo vya hewa, laini ndani kama kikombe. Nafasi za jiwe mchanga ni pembe pembe, kwa sababu ni nafasi kati ya chembe. Ndani ya saruji chembe huelea, yaani hazigusani bali zimezama kwenye uji wa kijivu ulioganda. Kalibu huacha mshono ubavuni. Tabaka hakuna. Na vibao viwili vikiwa na kona iliyovunjika kwa umbo lilelile, vyote vimetoka kalibu moja.

Uzito nao husaidia, japo kwa sehemu. Pima jiwe likiwa kavu. Kisha weka ndoo yenye maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, funga jiwe kwa uzi na ulizamishe likining'inia bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea kwa gramu ndiyo ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito kwa ujazo. Jiwe la gramu 1,150 likionyesha 500 ndani ya maji lina 2.3, na jiwe mchanga huangukia kati ya 2.0 na 2.6. Pambo la plasta au la plastiki iliyomwagwa kwa kawaida litakuja chini sana ya 2, na hapo kesi imekwisha. Saruji ya mchanga inaingiliana na jiwe mchanga kwenye kipimo hiki, kwa hiyo rudi kwenye vishimo na mshono. Lifunge jiwe kwa mfuko mwembamba uliobana kama unaogopa rangi kuondoka.

Hatua ya 5: Sasa rangi. Fuata mstari hadi ukingoni

Kama ningeruhusiwa kukufundisha jaribio moja tu, lingekuwa hili. Rangi ya asili ya jiwe mchanga huletwa na maji ya ardhini yenye chuma. Maji yanapenya, chuma kinapata kutu, na kutu inajipanga kwa mistari na pete ambazo wakati mwingine hukata tabaka za mchanga bila kuzijali. Ndiyo maana jiwe linaweza kuonyesha vilima, mawimbi au kitu kama moshi. Huko Petra, nchini Jordan, kuta nzima za mji uliochongwa kwenye jiwe mchanga zina michirizi ya namna hiyo, na hakuna aliyeipaka.

Mistari hiyo ni kama mafuta katika nyama: inapita ndani. Chagua mmoja usoni, uufuate hadi kwenye ukingo, uone unashuka vipi kwenye unene wa jiwe, kisha utafute unapotokea mgongoni. Kwenye kibao cha jirani yangu kila kilima kilishuka ukingoni na kutokea nyuma kwa umbo lililopinda kidogo. Wingu jekundu lilifika ukingoni likakoma, na pale lilipokoma palikuwa na tone lililokauka likining'inia.

Kuna rangi zilizozimuliwa sana ambazo huzama milimita kadhaa, kwa sababu jiwe mchanga hunywa maji. Zikikuchanganya, angalia palipovunjika: rangi iliyonyweshwa huwa nzito juu na hufifia kadiri inavyoingia, na hufuata nyufa. Kutu ya asili haina habari na uso wa jiwe, kwa kuwa ilikuwepo kabla kibao hakijapasuliwa.

Hatua ya 6: Rangi imekaaje juu ya chembe?

Rudi kwenye kioo cha kukuzia. Kutu ya asili huvika kila chembe utando wake, na nafasi kati ya chembe mara nyingi hubaki wazi. Rangi ya mkono hujenga daraja kati ya chembe na chembe. Hujaa mabondeni na kuwa nyembamba vileleni. Mahali pameshikwashikwa sana, vilele hupata upara na kwatsi huchungulia. Tafuta pia alama za unywele wa brashi, au vidoadoa vya rangi ya kupuliza vilivyotawanyika pembezoni mwa picha.

Kisha weka tone la maji safi mahali palipopakwa na jingine mahali pa uchi. Jiwe tupu hulinywa na kuwa jeusi zaidi kwa muda. Rangi ya mafuta hulikataa, tone likabaki limesimama, na rangi haibadiliki. Kama uso wote unalikataa, pengine jiwe limepigwa vanishi. Hilo halimaanishi kwamba rangi iliyo chini yake ni ya kupakwa.

Hatua ya 7: Pamba

Chagua mahali pa ukubwa wa punje ya mchele, pembeni, pasipoonekana. Anza na pamba kavu, kisha yenye maji, kisha yenye spiriti, mwisho yenye asetoni. Simama pale pamba inapopata rangi. Huna haja ya kuendelea.

Ikitoka kwa maji, ni rangi kama zile za wanafunzi, na mvua ya kwanza itaiondoa, kama ilivyoliondoa wingu la jirani yangu. Rangi ya maji ya ukutani ikishakauka haitoki kwa maji, ila hulainika kwa spiriti au asetoni na kunata kwenye pamba. Rangi ya mafuta huvumilia zaidi, inang'aa, na hukaa kama ngozi ya plastiki juu ya jiwe. Dar es Salaam tunaifahamu vizuri rangi ya aina hiyo: Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora wanyama wake hapa mjini mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za mafuta za kawaida za dukani juu ya mbao za fiba. Ubao laini huzipokea kwa utulivu. Jiwe mchanga hupumua. Unyevu na chumvi ya hewa ya bahari hupenya kutoka nyuma, chumvi huganda chini ya ngozi ya rangi na kuisukuma, nayo hubanduka kwa magamba. Ukiona magamba yenye unga mweupe chini yake, unaangalia kilekile kinachokula rangi kwenye kuta zetu za karibu na pwani.

Tahadhari moja ambayo sitaki uipite. Jiwe lenye ngeu ya asili (udongo mwekundu wenye kutu ya chuma) au udongo mwingine linaweza kuacha vumbi jekundu kwenye pamba yenye maji ingawa halijapakwa chochote. Angalia pale ulipofuta. Kama chini bado ni palepale pekundu, pamba imechukua vumbi la jiwe. Kama chini pamekuwa na rangi nyingine, umeondoa rangi ya mtu.

Weupe wa Pugu

Niliahidi kurudi Pugu. Miamba ya vilima vile ni jiwe mchanga ambalo chembe zake za madini ya feldispa zilioza zikawa kaolini, ule udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri na karatasi. Kaolini ya Pugu inafahamika kwa wingi wake, na mapango wanayotembelea watu huko yalichimbwa na binadamu walioitafuta. Matokeo yake, kipande cha jiwe la huko kinaweza kuwa cheupe kiasi kwamba mtu anaapa kimepigwa chokaa. Ukikigusa, vidole vinakuwa vyeupe. Ukikifuta kwa pamba, inachukua weupe. Kwa majaribio yote ya juujuu, ni jiwe lililopakwa.

Kijana mmoja aliwahi kuniletea kipande cha namna hiyo akiwa amepewa kama zawadi, na alikuwa tayari kukirudisha kwa aliyempa kwa kuona amedharauliwa. Tuliweka tone la siki. Kimya. Chokaa ya kupakia kuta ingetoa viputo, kwa sababu ikikauka hugeuka kuwa kalsaiti tena. Kaolini haijali siki. Tukavunja kona ndogo: weupe uliendelea hadi ndani, na katikati yake zilikaa chembe za kwatsi zilizo wazi kama barafu. Tukazisugua kwenye chupa, chupa ikachanika. Alikifunga kwa kitambaa na kuondoka nacho.

Kwa hiyo jiwe jeupe lihoji hivi: siki kwanza, kuvunja kona baadaye. Weupe wenye viputo na ulio juu tu ni chokaa iliyopakwa, au chumvi ya kalsaiti iliyotoka ndani. Weupe usio na viputo na unaoenda hadi moyoni ni udongo wa jiwe lenyewe. Weupe ulio juu tu, usio na viputo na unaonata kwa asetoni ni rangi ya dukani.

Taa ya noti

Mawakala wa fedha za simu wana vitaa vya zambarau vya kukagulia noti. Azima kimoja ukiwa gizani. Rangi nyingi za kisasa, gundi na vanishi hung'aa au kuonekana tofauti kabisa na jiwe, hivyo sehemu zilizoongezwa hujitokeza kama viraka. Lakini kalsaiti ya asili nayo huweza kung'aa, kwa hiyo kitaa hiki kitumie kukuonyesha pa kuangalia, kisha urudi kwenye kioo cha kukuzia.

Kama rangi inaonekana ya kale

Jiwe mchanga lililopakwa zamani lipo kweli duniani. Mahekalu ya Karnak na Philae kule Misri yamejengwa kwa jiwe mchanga, na rangi zake bado zimebaki kwenye mabonde ya michongo. Kwenye milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, Wasan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, walichora wanyama na watu kwenye kuta za mapango ya jiwe mchanga. Hapa kwetu michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni mingi myekundu, na ile ya baadaye ni myeupe.

Angalia uhusiano wa rangi na nyufa. Ufa ukiikata rangi, rangi ilitangulia. Rangi ikiwa imeteremka ndani ya ufa, ufa ulitangulia. Angalia kama kuna utando wa madini uliokua juu ya rangi, kwa sababu huo hauwi wa juzi. Buluu ikuzindue: buluu ya Prussia ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa karne ya 18, na buluu nyingine ya kiwandani, ile ya ultramarini, katika miaka ya 1820. Wamisri wa kale walikuwa na buluu yao, lakini michoro ya kale ya miambani ya kwetu haina. Weupe wa titani, rangi nyeupe ya kiwandani, ulianza kuuzwa karne ya 20. Jicho haliwezi kuutofautisha na weupe mwingine. Kinahitajika kifaa cha mionzi ya eksi kinachosoma elementi zilizomo.

Ukifika hapa na bado una shaka ya kweli, acha pamba na siki. Jiwe lipelekwe kwa wenye ujuzi: idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, au Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma, kwa swali la jiwe; Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kwa swali la ukale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa au kuchorwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, hivyo kipande kilichong'olewa kwenye mwamba wenye mchoro usikinunue, na ukioneshwa, toa taarifa. Mchoro ukishang'olewa mahali pake, hakuna gundi inayourudisha, na mimi binafsi huumia kila nikiona picha ya ukuta wa pango wenye shimo la mraba.

Hatua ya mwisho: Andika

Kabla hujasahau, piga picha usoni, mgongoni na ukingoni kukiwa na rula pembeni, kisha andika kikaratasi na ukibandike nyuma: jiwe gani, gundi gani, rangi ipi ni ya jiwe na ipi ya mkono, ulijaribu wapi na kwa nini. Atakayelipokea baada yako hatalazimika kulikwangua tena.

Cha jirani yangu tulikiandika pamoja kwa kalamu ya wino: "Jiwe mchanga, gundi ya kutu, siki kimya. Vilima ni vya jiwe. Wingu na jua vilipakwa kwa rangi inayotoka kwa maji." Alifuta mabaki ya wingu kwa kitambaa chenye maji, jua akaliacha. Kiko sebuleni sasa, juu ya kabati, mbali na mvua.